Doti ya Kikombe, Doti ya Ukutani

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu wa sanaa mjini Moshi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila nimepunguza vicheko na kuongeza hesabu moja niliyoisahau nikiwa jukwaani.

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Nawaona wenzetu wa Arusha wamefika mapema kuliko sisi tunaolala Majengo na Soweto, na sitauliza kwa nini. Kabla sijaanza nina ombi moja. Hiyo picha ya vigae iliyoko ukutani nyuma yangu, iliyofunikwa kwa kanga, naomba mtu asiifunue. Tutaifikia.

Juzi nilimwambia dada yangu, ambaye anauza kanga pale Mbuyuni, kwamba Jumamosi nakwenda kuzungumza na walimu kuhusu doti. Akaniuliza, "Za bei gani?" Mimi nikacheka, yeye hakucheka, maana kwake doti ni kanga mbili zilizoshikana, na ndizo zinazowasomesha wanawe. Mimi nilikuwa nazungumzia nukta, kidoa cha rangi kinachowekwa mahali na kuachwa peke yake. Nilipokuwa kwenye bajaji kurudi nyumbani ndipo nikaona hatukuwa mbali sana. Inasemekana nguo hiyo iliitwa kanga kwa sababu vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoadoa meupe kama ya yule ndege. Kwa hiyo wanafunzi wetu wamezaliwa na kubebwa mgongoni ndani ya doti. Hatuwaletei kitu kigeni.

Kigeni ni glezi, lile tope tunalolipaka juu ya chombo cha udongo, likichomwa linageuka kioo. Tuanzie hapo.

Ukiiona glezi kwenye ndoo utadhani ni chokaa iliyobaki baada ya kupaka ukuta. Tope jepesi, la kijivu au la waridi lililofifia, halivutii hata kidogo. Ndani yake mna unga wa mawe: mchanga wa kioo ambao wataalamu wanauita silika, mna kiyeyushi, na mna udongo mweupe, kaolini, ule unaopatikana kwetu kwenye vilima vya Pugu. Silika peke yake haiyeyuki mpaka moto upite nyuzi 1,700, na hakuna tanuri la shule litakalofika huko. Ndiyo maana tunatia kiyeyushi, na hapa mwanafunzi wa Moshi hunielewa upesi, kwa sababu nyumbani ameona makande yakigoma kuiva mpaka bibi atie magadi. Si mfano tu, ni karibu jambo lenyewe: magadi yana sodiamu, na sodiamu ni mojawapo ya viyeyushi vya glezi. Kaolini nayo kazi yake ni kuifanya glezi ishike, isichuruzike ikaishia kwenye rafu ya tanuri.

Binti mmoja wa Kidato cha Pili aliwahi kuniuliza, kama ni hivyo, kwa nini tusichukue magadi ya Ziwa Natron tukakoroga na mchanga tukapaka. Nililipenda sana swali lile. Tatizo ni kwamba magadi huyeyuka kwenye maji. Ukiyapaka yananyonywa na udongo pamoja na maji, na udongo ukikauka yanarudi juu kama ukoko wa chumvi. Kwa hiyo watengenezaji huyayeyusha kwanza pamoja na silika, wanapata kioo, wanakisaga, na sisi tunanunua unga wa kioo hicho. Tukishaupaka na kuuchoma unageuka kioo tena, safari hii juu ya udongo wetu.

Sasa niwaambie aibu yangu. Nilipoanza kufundisha nilikuwa nimesoma uchoraji, ufinyanzi niliufahamu kwa kusimuliwa. Nilikuwa na wanafunzi 52 na tanuri moja la umeme, dogo, la kuazima. Nikafikiri, hawa watoto wameziona picha za Tingatinga kila duka la watalii kuanzia hapa hadi Mnara wa Saa pale Arusha, basi tuanze na chui. Chui ni doti tupu! Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao nyembamba za dari, na sifa ya rangi ile ni moja: inakaa pale ulipoiweka. Ukiweka doti leo, kesho utaikuta hapo hapo, duara lake limetimia. Wanafunzi wangu wakaweka doti za glezi jinsi wanavyoziona kwenye picha zile, zimebanana, zinagusana, nyeusi juu ya njano juu ya nyeupe. Kabla ya moto vigae vilipendeza, nikajipongeza. Tulipofungua tanuri chui wote walikuwa fisi walionyeshewa. Doti zilikuwa zimeshikana mikono zikawa dimbwi, na vigae saba vilikuwa vimegandamana na rafu, nikavitoa kwa tindo. Mwenye tanuri aliiona ile rafu. Sikuazimwa tena.

Kosa lile ndilo limenifundisha karibu yote nitakayoyasema leo. Rangi ya mafuta hukauka ilipo. Glezi huyeyuka, na kitu kilichoyeyuka kinatafuta jirani. Doti ya glezi yenye upana wa milimita 4 inaingia tanurini ikiwa kilima kidogo na inatoka imetanuka, imelala. Imetanuka kiasi gani? Inategemea glezi yenyewe, unene wake, moto umefika wapi na umekaa huko muda gani. Hakuna kitabu kitakachokujibu kuhusu tanuri lako. Kwa hiyo mwanafunzi wangu siku hizi hachori chui, hachori twiga, hachori Mlima Kilimanjaro. Somo la kwanza ni kigae kimoja cha sentimita 10 kwa 10, na kwenye kigae hicho hakuna picha.

Wanalalamika, nawaambia ukweli. Wazazi pia. Mzazi mmoja alikuja shuleni na kigae cha mwanawe akaniuliza kama hii ndiyo ada anayolipia, madoa. Nikampa kiti, nikamwonyesha. Mstari wa juu, doti za ukubwa mbalimbali, kuanzia kichwa cha pini hadi kitako cha penseli. Mstari unaofuata, doti za ukubwa mmoja lakini nafasi kati yake inapungua: milimita 8, 6, 4, 2, halafu zinagusana. Chini yake, doti juu ya doti. Pembeni mwanao ameandika kwa penseli ya oksidi ya chuma, ambayo moto hauifuti, jina la glezi na unene wake. Sasa anajua kwamba glezi hii ya kijani, kwenye tanuri hili, haitaki jirani aliye karibu kuliko milimita 3. Mzazi akatazama kwa muda. Akasema, "Kumbe ni kama kupanda migomba." Sijapata maelezo mazuri zaidi tangu siku ile, na nayatumia bila kumlipa.

Kuhusu vifaa sina mengi, maana vyote mnavyo. Kitako cha penseli chenye raba kinatoa doti nzuri kuliko brashi ya bei mbaya. Vijiti vya pamba vya masikioni, vijiti vya meno, spoku ya baiskeli, kalamu ya Bic iliyotolewa wino. Kwa doti yenye mwinuko natumia bomba la sindano lisilo na sindano, jipya la dukani, wala msiokote la hospitali. Glezi ya kudondoshea iwe nzito kama mtindi. Ya kuchovyea chombo kizima iwe kama uji mwepesi. Kigae kiwe kimeshachomwa mara ya kwanza, kati ya nyuzi 950 na 1,050. Wafinyanzi wanakiita biskuti, na darasa zima hucheka kila mwaka nikilitaja jina hilo. Biskuti hunywa maji kwa kiu kikubwa, kwa hiyo doti ikigusa tu inakauka kwa sekunde chache, haipakiki kwenye mkono wa mtoto. Hii ni neema kubwa kwa darasa la watu 50. Ila kama unataka doti ya pili juu ya ya kwanza, iweke kabla ya kwanza haijakauka kabisa, la sivyo itabanduka kama ngozi ya ukoga.

Halafu kuna mandazi.

Kwa muda wa muhula mzima tulikuwa na ugonjwa tusioujua. Vigae vya darasa la asubuhi vilitoka vizuri. Vya darasa lililoingia baada ya chai ya saa nne vilitoka na mabaka: glezi imejikunja, imekimbia, udongo uko wazi katikati kama kichwa chenye mashilingi. Nililaumu glezi, nililaumu umeme, nililaumu muuzaji. Siku moja nikakiinua kigae ambacho hakijapakwa nikakielekeza dirishani, nikaona alama ya dole gumba iking'aa. Mafuta. Watoto walikuwa wanatoka kwa mama wa mandazi moja kwa moja hadi mezani kwangu, na glezi ni maji, maji na mafuta ndugu zangu mnajua. Tangu hapo kuna ndoo na sabuni mlangoni, na kila kigae kinafutwa kwa sponji yenye unyevu kabla ya kupakwa. Vumbi nalo huleta balaa hilo hilo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikubali kuja hapa. Tunapofundisha uchoraji wa doti, karibu sote tunamtaja Mfaransa Georges Seurat, na tunawaambia wanafunzi kwamba aliweka doti za rangi safi zikachanganyika zenyewe machoni mwa mtazamaji. Ni kweli. Picha yake kubwa ya watu wakipumzika kwenye kisiwa cha mto Seine aliifanya kati ya 1884 na 1886. Ina upana wa mita 3 hivi na urefu wa mita 2, na iko Chicago. Halafu tunawapa wanafunzi kikombe, tunawaambia, haya, fanyeni kama Seurat.

Haiwezekani. Si kwamba ni vigumu, haiwezekani, na hesabu yake ni rahisi. Jicho zima la kawaida linaweza kutenganisha nukta mbili mpaka nafasi kati yake iwe ndogo kiasi cha pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukiligeuza hilo kuwa milimita, nukta zilizoachana milimita 1 huanza kuungana machoni ukisimama kama mita 3 na nusu. Zilizoachana milimita 3, simama mita 10. Kikombe je? Kikombe cha chai unakishika sentimita 40 kutoka usoni. Ili doti ziungane kwa umbali huo zingehitaji kuachana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Hakuna mtoto, hakuna fundi, hakuna bomba la sindano litakalokuwekea doti ya glezi ya namna hiyo, na hata ikiwekwa, moto utaiyeyusha iungane na jirani kabla jicho halijapata nafasi.

Kwa hiyo kuna doti mbili, na zifundishwe kama masomo mawili. Doti ya kikombe ni pambo. Inaonekana, inahesabika, kidole kinaipapasa wakati chai inapoa. Hiyo itumie glezi yenyewe, iwe na mwinuko, iwe na nafasi, isijaribu kudanganya jicho. Doti ya ukutani ni nyingine. Hiyo ndiyo ya Seurat, ya kutazamwa kwa mbali, na kwa hiyo inataka ukuta, vigae vingi, na rangi isiyotembea. Kwa hiyo siitumii glezi. Natumia rangi ya chini, ile inayopakwa kwanza halafu ikafunikwa kwa glezi angavu. Rangi hiyo ina kiyeyushi kidogo sana, zaidi ni udongo, moto unaipita bila kuisogeza. Ukiweka doti mbili zilizoachana milimita 1, zinatoka zimeachana milimita 1.

Na hapo ndipo nilipopata aibu ya pili, kwa sababu mwalimu hamalizi aibu. Nilikuwa nimewaambia Kidato cha Tatu kwamba doti za bluu na doti za njano zikitazamwa kwa mbali zinakuwa kijani. Nimelisema hilo miaka mingi. Mmesikia likisemwa pia, baadhi yenu mmelisema wiki hii. Wakatengeneza vigae sita vya nyasi, bluu na njano, kwa uvumilivu mkubwa. Tukachoma nyuzi 1,060, tukavipanga ukutani, tukarudi nyuma hadi mlangoni. Hapakuwa na nyasi. Palikuwa na kijivu. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya upole sana, "Mwalimu, labda mlango uko karibu mno," akafungua mlango akatoka nje akatazama kutoka uwanjani. Akarudi. "Bado kijivu."

Ikabidi niende kusoma, jambo ambalo ningelifanya mapema. Kumbe Mskoti James Clerk Maxwell alilionyesha hilo miaka ya 1850 kwa kuzungusha pia, ndiyo, pia ya kuchezea, yenye karatasi za rangi juu yake. Bluu na njano zikizunguka kwa kasi hazikumpa kijani, zilimpa rangi iliyofifia yenye uwaridi. Ukikoroga rangi kwenye kopo, kila rangi inanyonya sehemu ya mwanga na kinachobaki ni kijani. Ukiziweka kando kando, hakuna inayomnyonyea mwenzake, jicho linapokea wastani wa zote mbili. Ukitaka kijani kwa doti, weka doti za kijani, uzichangamshe kwa njano kidogo. Sasa darasani kwangu kuna pia tatu za mti zilizochongwa na wanafunzi, na hakuna somo linalopendwa kama hilo, hata na wale wasiopenda sanaa.

Lakini vile vigae sita vya kijivu hatukuvitupa. Vilikaa ukutani wiki mbili hivi, sote tukiviona aibu, mpaka yule binti wa swali la magadi, ambaye sasa alikuwa Kidato cha Tatu, akasema, "Hii ni rangi ya kanga." Nikafikiri anasema nguo. Alikuwa anasema ndege. Na kweli, mtazame kanga kwa mbali, ni kijivu chenye ubluu, kijivu kinachotetemeka, si kijivu cha bati. Mtu akitaka kuipata rangi hiyo kwa kukoroga kwenye kopo atapata saruji.

Nitarudi kwa huyo ndege. Kwanza niseme habari ya kuazima, maana naona simu zikipita huko nyuma na picha za doti za Australia. Ni nzuri, sibishi. Mwaka 1971 kwenye makazi ya Papunya, katikati ya jangwa la Australia, mwalimu wa shule aliyeitwa Geoffrey Bardon aliwatia moyo wazee wenyeji kuchora ukuta wa shule, na kutoka hapo ukaenea uchoraji ambao leo unajulikana dunia nzima kwa doti zake. Mwalimu wa shule, kama sisi. Lakini picha zile zina wenyewe. Ni masimulizi ya ardhi yao, kuna mambo matakatifu ambayo si kila mtu anaruhusiwa kuyaonyesha, na doti zilikuja kusaidia kuyafunika. Mwanafunzi wa Moshi anayenakili mduara kutoka kwenye simu hajui amenakili njia ya nani kwenda kwenye kisima cha nani. Sisi hapa hukasirika tukiona ushanga wa Kimaasai kwenye maduka ya nje bila Mmaasai hata mmoja karibu. Basi tuwe na haya ile ile.

Tena ushanga wenyewe ni shule ya doti iliyo tayari. Watazameni akina mama wanaouza ushanga Arusha. Mara nyingi utaona kati ya nyekundu na bluu wamepitisha mstari mweupe. Kwa nini? Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa upakaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akagundua nyuzi ni nzima, zinafifishwa na rangi zilizo jirani, na mwaka 1839 akachapisha kitabu kizito juu ya jambo hilo. Seurat aliyafuata mafundisho hayo. Mama wa ushanga hakusoma kitabu, lakini ukimhamisha nyeupe yake ukaweka kijani atakuambia mara moja, "Hapana, imekufa." Mimi huwapeleka wanafunzi wakae naye asubuhi moja kabla hawajagusa glezi. Analipwa kwa muda wake, hilo nalisisitiza.

Na kuna bibi mmoja wa Upare, mfinyanzi, ambaye nilikwenda kumwona nikiwa bado nina maumivu ya ile rafu ya tanuri. Vyungu vyake havina glezi. Anavichoma uwanjani kwa kuni na majani makavu, na moto wa wazi namna hiyo aghalabu huishia kati ya nyuzi 600 na 900, glezi yetu haiwezi kuiva hapo. Lakini kila chungu kilikuwa na doti shingoni, vishimo vilivyobonyezwa kwa kijiti udongo ukiwa bado mbichi. Nikamuuliza anapimaje nafasi kati ya kishimo na kishimo. Akanitazama kama mtu aliyeuliza anapimaje hatua akienda sokoni. Baadaye nikaona: anabonyeza, anageuza chungu kwa upana wa kidole gumba, anabonyeza. Chungu kinazunguka, yeye ametulia. Tangu siku hiyo wanafunzi wangu wa vikombe hawasogezi mkono. Mkono unakaa, kikombe kinageuka. Na tukakopa kishimo chenyewe pia: tunabonyeza kishimo udongo ukiwa mbichi, na baada ya biskuti tunadondosha glezi ndani yake. Glezi ikiyeyuka ina bakuli lake, haiendi popote. Kwa darasa la wanaoanza sijaona njia iliyo salama zaidi.

Nimesema salama, basi niseme na haya haraka. Unga wa glezi ukiwa mkavu una silika, na vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki. Kwa hiyo chumba cha glezi hakifagiliwi kwa ufagio, kinafutwa kwa kitambaa chenye maji, na anayekoroga unga avae barakoa. Glezi yenye madini ya risasi isiingie shuleni kabisa. Doti za shaba, zile za kijani, zikae nje ya kikombe, ndani na mdomoni pawe na glezi angavu ya vyombo vya chakula. Na kuna vijana wamegundua kwamba unga mweusi wa betri kuukuu unatoa rangi ya kahawia. Wanasema ni manganizi, na hawakosei. Lakini mna mengine humo. Acheni betri. Rangi ya kahawia tunayo miguuni: udongo mwekundu wa mlima huu umejaa chuma, uchekeche kwa kitambaa chepesi, ukoroge na maji, weka doti. Bei yake ni jembe.

Na liacheni tanuri lipoe. Chini ya nyuzi 100 ndipo mnafungua. Nimeona walimu wakichungulia kwenye nyuzi 300 na kigae kikalia "ti!" mbele ya macho yao.

Mtaniuliza kwa nini tujisumbue na moto wote huu wakati kuna rangi za maji na karatasi. Ile picha ya Seurat niliyoitaja ina doti za njano ambazo zimegeuka kahawia. Rangi aliyoitumia, ya kromati ya zinki, ilianza kubadilika mapema sana. Mnaokwenda Dar mkapite Kunduchi kwenye makaburi ya zamani. Walikuwa wamepachika sahani na mabakuli ya China kwenye minara ya makaburi yale. Mengi yameng'olewa na watu, lakini vipande vya bakuli kama hizo vinavyookotwa kwenye magofu ya pwani, vilivyolala kwenye chumvi na mvua kwa karne kadhaa, ukikisugua kimoja kwa kidole bluu yake iko pale pale. Ni kobalti ndani ya kioo. Mtoto wa Kidato cha Pili anapenda sana kusikia kwamba doti yake itawazika wajukuu zake.

Sasa ile kanga. Mwalimu uliyekaa karibu na ukuta, tafadhali ishushe. Asante.

Ni vigae 48, kimetumika kipindi kizima cha mwaka. Mwili wote hauna tone la kijivu, mnisadiki au msinisadiki: ni bluu na njano, zile zile zilizotuaibisha, zimeachana milimita 3. Madoa meupe hayakupakwa. Ni biskuti yenyewe, pale ambapo wanafunzi walikubaliana wasiweke kitu, na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi mkubwa, kwa sababu kila mtu alitaka kujaza. Uso ni bluu tupu na ndevu zake ni nyekundu, hizo zimewekwa kwa glezi yenye mwinuko, ndizo peke yake mnazoweza kuzipapasa.

Nyie mlioko mbele mnaona madoa tu, najua, nimewapanga hivyo makusudi. Simameni, twendeni sote mpaka mlango wa nyuma, ni kama hatua 15. Halafu mrudi taratibu, mmoja mmoja, na kila mmoja asimame pale ndege anapovunjika na kuwa doti. Wenye miwani watasimama mahali pengine. Naomba kila mtu aweke alama ya chaki sakafuni, sabuni na ndoo viko mlangoni.